Mpwa wangu hajawahi kuona mashujaa wakiungana: nianze na ipi kati ya hizi nne?

Mjomba_Umoja
Wadau, naomba ushauri wa dhati. Mpwa wangu wa miaka 12 anakuja Ijumaa kutoka Machakos, likizo ya Agosti. Kwao runinga ni ya taarifa na mpira. Spider-Man anamjua kwa mikoba ya shule na michoro ya mathree, basi. Nimemwahidi Jumamosi moja, muvi moja ndefu yenye mashujaa wengi. Kwenye flashi nina nne: The Avengers (2012), Avengers: Infinity War (2018), Avengers: Endgame (2019) na Zack Snyder's Justice League (2021).

Juzi usiku nilirudia Infinity War peke yangu. Nimeiona mara nyingi, lakini Peter Parker, yaani Spider-Man, alipomshika Tony Stark, yaani Iron Man, akimwambia hataki kwenda, nililia tena. Ndiyo maana naogopa kukosea. Mara ya kwanza ni moja tu.

Moyo unanivuta kwa ile ya 2012. Zile nyingine unakuta timu imeshavunjika, au imeshazoeana. Ile ya kwanza unaiona ikiundwa. Kwanza wanagombana ndani ya meli ya angani hadi unaona hawa hawawezi kula sahani moja. Ajenti wao Coulson anakufa. Halafu New York, Captain America anasimama barabarani na kumpa kila mtu kazi yake: Barton mpiga mishale apande juu ya paa aangalie adui wanavyojipanga, Stark azuie wanaotoka nje ya mzunguko, Thor apige radi pale mlango wa angani ulipofunguka, yeye na Natasha wabaki chini. Hulk avunje. Sentensi chache tu, na mtoto ambaye hajawahi kuwaona ameshajua kila mmoja anaweza nini. Kwangu huo ndio muungano, si wingi wa watu kwenye bango.

Konda_wa_Rongai
Endgame. Aprili 2019 nilikuwa ukumbini pale IMAX ya Mama Ngina. Captain amebaki peke yake, ngao imevunjika nusu, jeshi zima la adui wao mkuu Thanos liko mbele yake. Kisha sauti kwenye redio, mduara wa kwanza wa moto unafunguka, na wanaotoka kwanza ni T'Challa, yaani Black Panther, mfalme wa Wakanda, na watu wake Okoye na Shuri. Ukumbi mzima ulisimama. Mama mmoja nisiyemjua alinishika mkono akaubana mpaka mwisho wa pigano. Sijawahi kuhisi kitu kama kile mahali popote penye giza na viti. Mpe mtoto hicho.

Mjomba_Umoja
Kaka, nakuelewa, na mimi nilisimama. Lakini ile raha tulikuwa tumeilipia kwa miaka 11, tangu Iron Man ya 2008. Yeye hajalipa chochote. Halafu saa nzima ya kwanza ni matanga! Watu wameketi kwenye duara wanaelezana walivyofiwa. Atauliza nani amekufa, nami nitakuwa nasimamisha muvi kila dakika mbili.

Konda_wa_Rongai
Harusini humjui bibi harusi na bado unacheza.

Binti_Kariokor
Naona Justice League mnaipita kama haipo. Ile ya dakika 120 iliyotoka 2017 sitaitetea. Zack Snyder alijitoa kabla haijakamilika baada ya kufiwa na binti yake, akaimalizia Joss Whedon, yuleyule aliyeongoza hiyo Avengers ya 2012. Angalieni jinsi mkono uleule ulivyofanikiwa kule na kushindwa huku: kule alikuwa anajenga nyumba yake, huku alikuwa anabomoa ya mwenzake.

Ya 2021 ni kitu kingine. Victor Stone, yaani Cyborg, ndiye moyo wake. Kijana aliyekuwa anakufa akaokolewa na baba yake akiwa nusu chuma, na hataki hata kuongea na huyo baba. Halafu baba huyo, Silas, anajifungia na sanduku la nguvu ambalo adui analitafuta, analichoma kwa miale hadi liwe moto wa kuonekana kutoka mbali, ili mwanawe na wenzake waweze kulifuata. Anakufa mbele ya kioo, Victor akiwa upande wa pili. Kwenye ile ya 2017 Silas hafi kabisa. Toa kifo hicho, na Cyborg anabaki fundi wa mitambo wa timu.

Mimi nilimzika baba mwaka mmoja kabla ya hiyo muvi kutoka, tukiwa hatujaelewana. Sijui muvi nyingine ya mashujaa iliyonifanyia hivyo.

Lakini kwa mtoto wa miaka 12, hapana. Damu ni nyingi, na Marekani waliiwekea sharti kwamba aliye chini ya miaka 17 aandamane na mzazi au mlezi. Itunze akikua.

Stima_Token
Na ni saa 4 na dakika 2. Huku kwetu stima haijawahi kukaa saa 4 siku ya Jumamosi.

Mzee_wa_Kibanda
Nilikuwa na kibanda cha video Kayole, kiingilio bob kumi, watoto sakafuni, wakubwa kwenye mabenchi. Nisikilizeni kidogo. Pale sheria ilikuwa moja: staringi hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, gari lilipuke naye ndani, watu wanangoja tu atokee upande wa pili. DJ Afro akitafsiri ndiyo kabisa, unajua staringi ni nani kabla hajafungua mdomo.

Infinity War ilinichanganya kwa miezi. Nusu yao wanageuka majivu! Nilidhani waandishi wameivunja sheria. Nilipoirudia mara ya tatu ndipo nikaelewa kwamba hawakuivunja. Staringi ni Thanos. Yeye ndiye mwenye safari, yeye ndiye anayetafuta mawe sita ya nguvu, yeye ndiye anayelia kule sayari ya Vormir akimtupa Gamora, binti yake wa kulea, na mwisho anaketi peke yake kulitazama jua, kazi yake imekwisha. Staringi hakufa. Ni sisi tuliomshangilia mtu asiye staringi kwa dakika 149.

Mtoto akianza na hiyo hatasahau maishani. Ile ya 2012 ni nzuri, lakini Loki, adui wa humo, hakuwahi kunitisha hata kidogo. Hulk alivyomkamata miguu na kumbamiza sakafuni, ikawa imeisha.

Mjomba_Umoja
Mzee, hii ya Thanos sikuwahi kuiona hivyo. Umenitikisa.

Mwalimu_Donholm
Niongeze jambo ambalo halijaguswa, na kwangu ni kubwa. Tazameni Afrika ilivyotumika kwenye hizi muvi. Age of Ultron (2015): Hulk akili imevurugwa na Wanda, anapigana na Iron Man katikati ya Johannesburg, majengo yanaanguka. Civil War (2016): mlipuko Lagos. Sisi tulikuwa mahali pa kuvunjiwa. Halafu 2018, Black Panther mwezi wa pili, Infinity War mwezi wa nne, na dunia nzima inakimbilia Wakanda, nchi ya Kiafrika ya kubuni, kutafuta msaada. T'Challa anaamua mwenyewe kufungua sehemu ya ukuta wa nguvu, maadui wapitie mbele yake, wasizunguke nyuma kumfikia Vision, shujaa mwenye jiwe moja kati ya yale sita kwenye paji la uso. Huo ni uamuzi wa kiongozi anayeijua ardhi yake.

Uchungu wangu ni mmoja: Lupita Nyong'o, damu yetu, hayumo Infinity War wala Endgame. Okoye na Shuri wamo, Nakia, aliyechezwa na Lupita, hayupo. Hilo sijalisamehe.

Sasa sikieni. Wanajeshi wa Wakanda wanapaza sauti "Yibambe!" Lugha ni isiXhosa ya Afrika Kusini, na John Kani, aliyecheza baba yake T'Challa, ndiye aliyeileta tangu Civil War. Nilipoisikia mara ya kwanza mwili ulinisisimka kabla akili haijajua kwa nini. Bamba! Shika, kamata, usiachie. Askari akimkamata mtu hapa kwetu amembamba. Ibambe. Neno letu limesafiri kutoka kusini, likapita Marekani, likarudi kunitafuta kwenye kiti cha ukumbi Nairobi. Kwa sababu hiyo pekee napiga kura Infinity War.

Binti_Kariokor
Mwalimu, nimeenda kuisikiliza tena sasa hivi. Asante sana.

Konda_wa_Rongai
Endgame pia wanaitamka, T'Challa mwenyewe. Nasema tu.

Mjomba_Umoja
Narudi na taarifa. Jumamosi tulianza na ile ya 2012. Samahani Mzee, samahani Mwalimu, niliufuata moyo. Kwenye ugomvi wa melini alinyamaza, bisi zikabaki kwenye bakuli. Stark alipolibeba kombora kulipitisha kwenye ule mlango wa angani aliniuliza, "Mjomba, anajua atarudi?" Nikamwambia hajui. Akasogea karibu na runinga.

Kilichotokea baadaye sikukipanga. Majina yalianza kupita, nikanyanyuka kuosha vyombo, yeye akabaki. Mnakumbuka kile kipande kifupi: mtu wa uso wa zambarau anageuka na kutabasamu. Akaja mbio jikoni. "Huyo ni nani? Anataka nini?"

Jumapili gari la Machakos lilikuwa saa kumi jioni. Saa tatu asubuhi nikawasha Infinity War, nikimweleza kwa ufupi wageni ni akina nani. Tulipofika kwenye uwanja wa Wakanda nilijikaza nisiseme neno lolote. Majeshi yakajipanga, sauti ikapaa, na mtoto akanigeukia macho yamemtoka.

"Mjomba, wamesema ibambe?"

Mwalimu_Donholm
Na mwisho je? Alilia?

Mjomba_Umoja
Hakulia. Njia nzima hadi steji hakusema kitu. Aliponipa mkono akauliza likizo ya Desemba inaanza lini. Konda, Endgame imewekwa pembeni.