Anatomia na ujuzi wa wodini: vifundishwe meza moja?

MADA: Anayesomea udaktari hukaa chuoni miaka 5, kisha mwaka 1 wa intanshipu, yaani mazoezi ya kazi hospitalini. Anatomia, somo la maumbile ya ndani ya mwili, humalizwa mwanzoni. Mirija na sindano huja baadaye. Vyuo vya huku kwetu, Moshi ikiwemo, viviunganishe?

MWALIMU WA ANATOMIA
Viunganishwe, tena wiki ileile. Chukulia mrija wa kifuani, ule wa kutoa hewa au damu iliyozunguka pafu. Maiti akifunguliwa kifua, chini ya kila ubavu unaiona vena, chini yake ateri, kisha neva. Hapohapo mwanafunzi aeleze kwa nini koleo la kufungua njia ya mrija hupita juu ya ubavu wa chini na si chini ya ule wa juu. Halafu achore eneo salama kwapani: mbele ukingo wa msuli mkubwa wa kifua, nyuma ukingo wa msuli mpana wa mgongo, chini usawa wa nafasi ya 5 kati ya mbavu. Wanaokosea hushuka mno. Mgonjwa akitoa pumzi, kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo, hupanda karibu na ubavu wa 5, na mrija unaishia kwenye ini au bandama.

DAKTARI WA UPASUAJI
Ramani nakubali, mkono sikubali. Formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, humkakamaza: misuli haitanuki, na ile hali ya koleo kupenya utando wa pafu ghafla haisikiki. Mwanafunzi huzoea kusukuma kwa nguvu, na nguvu hiyo kwa mgonjwa hutoboa pafu. Njia ya Thiel ya kuhifadhi maiti, iliyotoka Graz, Austria, mwaka 1992, huacha mwili laini, ila inataka kemikali nyingi na matangi makubwa. Nani atalipa?

MKUFUNZI WA MAABARA YA UJUZI
Dokta, bucha lipo. Mbavu za mbuzi zenye nyama na utando wake, sifongo nyuma yake, zote zifungwe kwenye ubao. Pasua ngozi, tenganisha misuli kwa koleo butu, ingiza kidole kuzunguka kabla ya mrija. Mbavu za kitimoto zinafaa zaidi kwa unene, lakini si kila mwanafunzi atazigusa, na hapaswi kulazimishwa.

MWANAFUNZI, MWAKA WA 4
Shikamooni walimu. Kuunganisha mwaka wa kwanza peke yake hakutusaidii. Turudishwe kwenye maiti kabla ya zamu ya wodi ya watoto. Kutoa maji ya uti wa mgongo kunahitaji anatomia ambayo imeshasahaulika: mstari wa vilele vya nyonga hupita pingili ya 4 ya kiuno, ugwe, kamba ya neva ndani ya uti wa mgongo, wa mtu mzima huishia pingili ya 1 au ya 2, wa mtoto mchanga hushuka karibu na ya 3. Sindano ikigonga mfupa, irudishwe hadi chini ya ngozi ndipo ielekezwe upya kitovuni. Ukiipinda ikiwa ndani, inabaki njia ileile.

DAKTARI WA UPASUAJI
Hilo la kurudi naliunga mkono kuliko la Mwalimu. Ila meza isizidi watu 8, la sivyo wa nyuma wanaangalia migongo ya wenzao.

MWALIMU WA ANATOMIA
Sawa, turudi mara mbili. Lakini mtihani nao? Ukibaki wa kuchomeka pini kwenye kiungo cha maiti na kuuliza “taja hiki”, watakariri majina tu. Kila pini iwe na swali la pili: sindano ikipita hapa, mgonjwa atapoteza nini? Pini kwenye neva ya siatiki, ile kubwa inayopita kalioni kwenda mguuni, kwa mfano, ijibiwe kwa mguu unaoburuta baada ya sindano ya kalio iliyochomwa chini mno.