Wenye nyumba wa Dodoma: mlijua tuna watoto mkachukua kodi, leo mtoto kucheza uani imekuwa kosa?

Wakuu, habari za mchana.

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni. Mdogo kalala mapajani, mkubwa nimempa vifuniko vitatu vya sufuria avipange juu ya godoro bila kuvigonganisha, maana vikilia tu dirisha la mbele linafunguliwa na mimi naitwa kwa sauti mbele ya wapangaji wote. Ni saa nane. Bati linaunguza. Hapo nje kuna mti wenye kivuli kizuri kabisa na hatuna ruhusa ya kukaa chini yake. Nimenyamaza tangu Agosti, leo nimeshindwa.

Nina watoto wawili. Mkubwa ana miaka mitatu na miezi minne, mdogo ana miezi kumi na moja, ndiyo kwanza anajifunza kusimama kwa kushika ukuta. Baba yao ni fundi umeme, anatoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda saiti upande wa Mtumba, anarudi giza limeshaingia. Ninayeshinda nao ni mimi. Mwishoni mwa Mei tulihamia hapa Ipagala, chumba na sebule na choo cha ndani, 150,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mpigo. Hiyo ni 900,000, juu yake 150,000 ya dalali. Wenyeji mnajua hali ilivyo, tangu serikali ianze kuhamia huku kwa kasi mwaka 2016 ukisitasita kidogo chumba kimechukuliwa na mwingine. Tuliuza pikipiki ya mume wangu ili hela itimie.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Siku ya kuangalia nyumba dalali aliniuliza mbele ya mwenye nyumba kama tuna watoto. Nikajibu tunao wawili, mmoja ananyonya, na huyo anayenyonya nilikuwa nimembeba mgongoni anaonekana. Mzee akamshika mkono akacheka naye, akasema, "Karibuni sana, nyumba isiyo na watoto imepooza." Maneno yake mwenyewe. Tukasaini mkataba wa vipengele kumi na moja, nimeusoma leo tena mara mbili, hakuna kipengele kinachomtaja mtoto. Kuna usafi, kuna umeme, kuna kutopangisha mtu mwingine, kuna notisi. Mtoto hayumo.

Agosti akaweka pevingi uwanja mzima, kutoka getini hadi kwenye karo. Uwanja ulikuwa wa udongo, na udongo ule ndio ulioniokoa miezi miwili ya kwanza. Nilikuwa natandika mkeka chini ya mwarobaini, mdogo anakaa na kijiko chake, mkubwa anachimba na kopo, mimi nafua au nachambua mboga nikiwaona wote wawili. Mwarobaini wenyewe ni mmoja tu kwenye kiwanja chote. Pevingi zilipokwisha, gari la mzee likahamia chini ya ule mti, na kesho yake karatasi ikabandikwa getini kwa selotepu. Watoto hawaruhusiwi kucheza kwenye pevingi. Nguo za watoto zisianikwe kamba ya mbele. Saa saba hadi saa kumi mchana pawe kimya, na usiku kuanzia saa mbili. Mtoto akichora ukuta, faini 20,000. Mpangaji mwenye mtoto mdogo katika nyumba sita za hapa ni mimi peke yangu. Ile karatasi ina jina langu hata kama halikuandikwa.

Faini nimeshalipa. Tulimpeleka mkubwa siku moja stesheni kuangalia treni ya SGR, tangu siku hiyo kila kitu kwake ni treni. Basi akaokota mkaa jikoni, mimi niko chooni namsafisha mdogo, natoka nakuta mstari mrefu ukutani, kutoka mlangoni kwetu hadi dirisha la jirani, na vidirisha vidogo vidogo ndani yake, amevichora kwa uangalifu ulimi nje. Nilisugua ukuta ule kwa sabuni na maji yangu ya mgao mpaka alama ikafifia. Mzee akaja akausogelea uso karibu, akasema bado anaona kivuli. Akachukua 20,000. Ile ilikuwa hela ya unga wa lishe na gesi.

Na hayo maji! Hapa kwetu yanatoka usiku mara mbili kwa wiki, unaamka saa nane za usiku kujaza mapipa, mtoto akilia unaacha ndoo unakimbia. Ni maji ya chumvi, waliofua nguo Dodoma wanajua, unasugua nepi povu halitaki kutoka, ukianika zinakauka ngumu kama ubao. Sikatai kulipia. Lakini bili inagawanywa kwa vichwa. Mwezi uliopita ilikuja 68,000, vichwa 17, kila kichwa 4,000. Sisi tukalipa 16,000. Yaani mtoto wa miezi kumi na moja kalipa sawa na jirani anayeosha gari kila Jumamosi. Nilipouliza nikajibiwa, "Watoto wako ni watu, hawatumii maji?" Sawa, baba, ni watu. Agosti 2022 karani wa sensa alikuja tulikokuwa tunakaa, mkubwa akiwa na miezi miwili, akamwandika kama alivyotuandika sisi. Kwenye bili ni mtu kamili. Mbona hapo uwanjani anageuka kuwa uchafu wa kufagiliwa ndani?

Kilichoniumiza kuliko vyote ni usiku mmoja mwishoni mwa Agosti. Mdogo alikuwa amepata chanjo ya surua na rubella ya miezi tisa, na nesi alinitahadharisha kwamba anaweza kupata homa siku kadhaa baadaye. Ikaja kweli. Saa saba usiku mwili unachemka, analia kile kilio cha kukatika pumzi, mimi nampangusa na kitambaa cha maji, baba yake anatafuta dawa kwa tochi ya simu maana umeme ulikuwa umekatika. Mlango ukagongwa. Nikafikiri jirani kaja kutusaidia. Alikuwa mzee. Nikamsalimia, "Shikamoo baba, samahani, mtoto anaumwa." Akaitika marahaba, kisha akasema, "Hapa watu wanafanya kazi kesho. Kama hamwezi kulea, mngesubiri kuzaa." Mume wangu si mtu wa maneno. Alifunga mlango taratibu, akakaa kitandani akashika kichwa. Mimi nilitoa machozi, na si kwa ajili ya homa.

Jirani wa chumba cha kona, kijana asiye na familia, anafungua muziki kila Jumamosi mpaka saa sita usiku, madirisha yetu yanatetemeka. Hajawahi kugongewa. Amelipa mwaka mzima.

Mnaojua Dodoma ya Oktoba na Novemba mnajua joto lake. Mchana linapita nyuzi 30, mvua bado, upepo unaleta vumbi, na vyumba hivi vina bati tupu na dari jembamba. Saa saba hadi saa kumi, ndiyo saa aliyoamuru kimya, ndani hapakaliki. Kwa mama mkwe kule Mpwapwa kuna tembe la zamani, ukuta wa udongo na paa la udongo, jua likiwa utosini ndani ni baridi unaweza kulala, na watoto wa pale wanakusanya udongo wanafinyanga ng'ombe siku nzima chini ya mbuyu. Mwanangu alikaa pale wiki mbili mwezi wa saba, alirudi na zizi zima kwenye boksi. Wale ng'ombe wako chini ya kitanda sasa hivi, hana pa kuwachungia.

Na amebadilika. Mtoto huyu alikuwa anaongea mpaka majirani wanacheka. Sasa hivi ukisikika mlio wa geti anakimbia kujificha nyuma ya kabati. Akipita uwanjani kwenda dukani na mimi anatembea kwa ncha za vidole. Alikuwa ameacha kukojoa kitandani tangu Aprili, ameanza upya, wiki hii ni mara nne. Juzi ameniuliza kwa sauti ya kunong'ona, "Mama, nikicheka mzee atatufukuza?" Nyinyi wenye watoto niambieni, swali hilo linajibiwaje?

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mkataba mkononi. Alinisikiliza vizuri tu, halafu akasema nyumba ni ya mwenyewe, mimi mpangaji, nivumilie. Nikamwambia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inaweka haki ya mtoto kucheza na kupumzika kwenye orodha moja na chakula, malazi, matibabu na chanjo. Akasema sheria hiyo inamwambia mzazi. Kweli, wajibu ni wangu. Nami nauliza, wajibu huo niutimizie wapi? Mpango mkuu wa makao makuu wa mwaka 1976 uliacha maeneo ya wazi katikati ya makazi ya mji huu. Eneo pekee la wazi karibu na sisi leo limejaa kokoto, mchanga wa mafundi na malori yanayorudi nyuma bila kuangalia. Mtu mzima unajihurumia kupita pale.

Sijasema mtoto avunje kitu cha mtu. Akivunja nalipa. Sijasema alie usiku kucha kwa makusudi. Nasema kama hutaki watoto kwenye nyumba yako, sema siku ile dalali alipouliza, kabla hujahesabu laki tisa. Andika kwenye mkataba. Tungeondoka na pikipiki yetu tukatafute pengine. Kumkaribisha mtu kwa kicheko, kula hela ya miezi sita, kisha kutunga masharti mapya akiwa hana nauli ya kuhama, huo ni wizi, na anayeibiwa ni mtoto asiyeweza kujitetea.

NYONGEZA, saa tatu usiku. Nimesoma michango, nashukuru mlioguswa. Wachache niwajibu.

Mnaosema "jengeni kwenu": tuna kiwanja Nala, msingi umeshatoka, hela ya tofali ndiyo iliyoingia kwenye kodi hii. Tutajenga. Mtoto haachi kukua kusubiri tofali.

Anayesema nimpeleke mkubwa dei kea ili nipumzike: sikuomba kupumzika, mkuu. Nimeamua kulea wanangu mwenyewe mpaka mkubwa afike umri wa darasa la awali, na mume wangu amekubali tubane matumizi kwa ajili hiyo. Kushinda nyumbani na watoto ni kazi yangu na naipenda. Uani ndiko ofisini kwangu.

Aliyenishauri Chinangali Park: pazuri, tumewahi kwenda. Lakini nauli ya kwenda na kurudi kila siku, mmoja mgongoni mwingine mkononi, na jiko nimeliacha na nani? Mtoto wa miaka mitatu anacheza hapo mlangoni, dakika ishirini sasa, nyingine baadaye, anakuja kunywa maji, anarudi.

Na yule mwenye nyumba aliyeandika kwamba watoto wa wapangaji wanaharibu rangi na wanaziba karo, nimekuelewa, hasara ipo. Chukua fedha ya tahadhari mwanzoni, iandike, ukute uharibifu ukate. Wengi tutakubali. Usimfungie mtoto ndani kwa kosa ambalo hajalifanya.

Mkataba wetu unaisha Novemba 30 na hatuongezi hata siku. Natafuta chumba na sebule Ipagala, Ilazo, Nzuguni au Kisasa, isiyozidi 130,000, miezi mitatu mitatu. Choo kikiwa cha nje sawa, lipu isipokuwepo sawa, geti sitaki. Iwe na uwanja wa udongo na mti hata mmoja. Mwenye nyumba mwenyewe anitumie ujumbe, madalali hapana. Na kabla hujanitajia bei, jua kwamba nina watoto wawili, na wanacheza.