Tupeane uzoefu: wanawake wawili wakibaki peke yao kwenye filamu, wanaongea nini?

Mleta mada, Majengo, Moshi
Wadau wa filamu wa Moshi na Arusha, salaam. Wengi mnakijua kipimo cha maswali matatu kilichotoka mwaka 1985 kwenye kibonzo cha mchoraji Alison Bechdel, ambaye mwenyewe anasema wazo ni la rafiki yake Liz Wallace. Je, wapo wanawake wawili? Wanaongea wao kwa wao? Wanaongea jambo jingine mbali na mwanaume? Baadaye watu wakaongeza sharti kwamba wawe na majina. Nauliza kwa vitendo: mnakitumiaje, na kinakwamia wapi?

Kalamu ya Kiboriloni
Chukua daftari, chora safu nne: dakika mazungumzo yalipoanza, nani na nani, sekunde ngapi, habari gani. Saa ya simu inatosha. Anza kuhesabu neno la kwanza likitoka, simamisha mwanaume akiingilia maongezi. Akipita tu kwa nyuma, endelea.

Kubalianeni kabla filamu haijaanza: mtoto mchanga wa kiume anahesabika kama mwanaume? Marehemu baba je? Mama mkwe na mkwe wakimjadili mgonjwa ambaye ndiye mume? Msipokubaliana mapema, mtaishia kupima kila mtu na filamu yake.

Kwenye filamu zetu kipimo kinakwamia sana kwenye majina. Orodha ya mwisho imejaa "Dada wa Kazi", "Shoga", "Muuza Mboga". Ila Mama Aika ahesabiwe ana jina. Huku mlimani ndivyo mtu mzima anavyoitwa kwa heshima, na anaitikia.

Mwandishi wa miswada, Sakina
Kwenye muswada ukurasa mmoja ni kama dakika moja. Pigia mstari kila sehemu yenye wanawake wawili, kisha futa kwa penseli kila sentensi inayomhusu mwanaume. Kinachobaki ndicho ulichowaandikia. Mara nyingi hubaki "karibu", "shikamoo" na "haya, tutaonana".

Kosa hapo ni kuwakalisha bila shughuli. Watu wakiwa sebuleni mikono mitupu, lazima waulizane habari za ndoa. Wape kitu cha kumalizana: marejesho ya kikoba, mpaka wa kihamba (shamba la ukoo), zamu ya maji ya mfereji, bei ya ndizi. Hivi:

– Mkungu huu umekatwa lini?
– Jana jioni, dada.
– Mbona pale ulipokatwa pamekauka?
– Umepigwa jua njiani. Nakupunguzia elfu mbili.
– Tatu, na ule mdogo nauchukua pia.
– Chukua. Nipe hela sasa hivi.

Hiyo haifiki nusu dakika. Mmoja anazijua ndizi, mwenzake ana haraka na fedha, na mtazamaji anataka kujua haraka hiyo ni ya nini. Hawajafundishana maisha, lakini tayari tunawajua. Sehemu ya namna hii iandike kwanza, kabla ya ugomvi wa nyumbani, maana ukiiacha mwisho utaibandika na itaonekana imebandikwa.

Mhariri, Njiro
Naongezea kwa mwandishi. Filamu ikizidi urefu, mazungumzo ya wanawake ndiyo yanayokatwa mwanzo, kwa hoja kwamba hayasogezi kisa. Dawa ni kuweka humo taarifa ambayo mwisho wa filamu unaitegemea. Yule mwenye haraka ya fedha akidondosha hapo stakabadhi itakayofichua deni, hakuna wa kuigusa kwa mkasi.

Fundi sauti, Unga Ltd
Saluni ndiyo inayosumbua zaidi. Zima draya na feni wakati wa kuigiza, kisha rekodi draya peke yake na uiweke chini ya maneno baadaye. Rekodi pia ukimya wa chumba sekunde 30 kwa ajili ya kuunganisha.

Maiki ya nguoni ikifichwa chini ya khanga mpya, wanga wa kitambaa unakwaruza. Ifueni kwanza, halafu bana maiki kwa tepu pande zote mbili. Wanawake wakichangamka hudakizana maneno, na huo ndio utamu wenyewe, kwa hiyo kila mmoja awe na maiki yake na njia yake ya kurekodia. Ukitegemea maiki moja ya juu, utawaamuru wasubiriane na mazungumzo yatakufa.

Mwenye banda la video, Pasua
Filamu zilizotafsiriwa msizipime kwa masikio. Sauti ya mtafsiri ni moja, mara nyingi ya kiume, na mazungumzo ya dakika mbili anaweza kuyafupisha: "hapa wanamsema jamaa." Huenda walikuwa wanapanga safari. Tafuteni nakala yenye maandishi chini.

Kalamu ya Kiboriloni
Kweli kabisa, mkuu. Na tusikitumie kipimo hiki kama cheti cha ubora. Filamu ya Gravity ya mwaka 2013 inaanguka, ingawa mwanamke mmoja ndiye anayeibeba karibu yote. Nyingine inapita kwa sekunde kumi za kusifiana viatu. Mwaka huohuo wa 2013 baadhi ya kumbi za Sweden zilianza kuweka alama ya A kwa filamu zinazopita. Kinachofaa kwetu ni kupima filamu 10 za mwaka mmoja kwa daftari lilelile, halafu kusoma ile safu ya nne kutoka juu hadi chini.

Mleta mada, Majengo, Moshi
Tuanze na hizo 10. Mtoto mchanga wa kiume hahesabiki, marehemu baba anahesabika. Mwenye pingamizi aseme kabla ya Jumamosi.