MJADALA: Kama kila kitu kimeshaandikwa, helmeti ya nini?

Wadau habari zenu, naomba hili tulijadili kwa uzito wake manake mimi linanisumbua tangu tumzike kijana mmoja wa mtaani kwetu, dereva wa boda.

Siku ile tumekaa chini ya turubai, mzee mmoja akasema siku yake imefika, ilishaandikwa, watu wakaitikia. Mimi macho yangu yako kwenye ile boda imeegemezwa ukutani, rimu ya mbele imepinda, na helmeti bado inaning'inia kwenye saitimira haina hata mkwaruzo. Yaani alikuwa nayo! Nikamuuliza jamaa wa pembeni yangu kwa sauti ya chini, hivi angeivaa je? Akanijibu, ndugu yangu, ingeandikwa aivae angeivaa. Kijana mwingine wa chuo akadakia kwamba hata sayansi imeshathibitisha, ubongo unaamua kabla wewe mwenyewe hujajua, kwahiyo hakuna cha hiari wala nini. Basi wa dini na wa sayansi wakakutana sehemu moja, hakuna wa kuulizwa.

Mimi nakataa, wote wawili.

Huyu wa sayansi anamaanisha jaribio la Benjamin Libet, mtafiti wa ubongo Mmarekani, la mwaka 1983. Aliwafunga watu waya kichwani, akawawekea saa yenye nukta inayozunguka duara zima kwa sekunde 2.56, akawaambia kunjeni kiganja muda wowote mkijisikia halafu mseme nukta ilikuwa wapi pale mlipojisikia kutaka. Ikaonekana ubongo unaanza kujiandaa kama nusu sekunde kabla mkono haujasogea, wakati mtu mwenyewe anajijua anataka kama sekunde 0.2 tu kabla. Inashtua, sikatai. Ila jamani ni kukunja kiganja bila sababu yoyote, hakuna cha kupima pale, hakuna hasara wala faida. Kijana wetu suala la helmeti aliambiwa na mama yake, akaambiwa na abiria, akalibeba miezi na miezi, hilo huwezi kulipima kwa nusu sekunde. Na Libet mwenyewe alisema mtu bado ana nafasi ya kujizuia mwishoni, hiki kipande wengi wanaolitaja jaribio lake wanakiruka. Halafu 2012 mtafiti wa ubongo Aaron Schurger na wenzake wakaonyesha kule kujiandaa kwa ubongo kunaweza kuwa ni mawimbi yake ya kawaida yanayopanda na kushuka tu, sio uamuzi uliokwisha kufanyika.

Turudi kwa mzee, na hapa naongea kama muumini. Mwaka wa 17 au 18 Hijria Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alikuwa njiani kwenda Sham, yaani upande wa Syria, kufika mahali panaitwa Sargh akaambiwa huko Sham kuna tauni. Akashauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubayda, kamanda wake wa huko Sham, akamuuliza, unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, yaani alichokiandika? Umar akamjibu ndio, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu, akampa na mfano, ukiwa na ngamia bondeni, upande mmoja majani upande mwingine pakavu, popote utakapowalisha si kwa kadari yake? Mimi nasoma hivi: Umar alikuwa na habari ya tauni, na hiyo habari ndo ilikuwa mkononi mwake, kilichoandikwa hakuna mwanadamu aliyekisoma. Sasa sisi tunasema imeandikwa baada ya mtu kufa, kabla yake hakuna anayejua kimeandikwa nini, halafu tunaongea kama vile tulijua.

Hoja inayonipa shida kweli ni ya Spinoza, mwanafalsafa Mholanzi wa karne ya 17. Anasema jiwe likirushwa halafu katikati ya safari likapata akili, litadhani linaruka kwa kupenda kwake, na sisi ndo hivyo hivyo, tunajiona huru kwasababu tunajua tunachotaka ila hatujui kilichotusukuma kukitaka. Hii nimelala nayo siku kadhaa. Lakini jiwe hata ulieleze nani kalirusha litadondokea palepale. Mtu ukimweleza kinachomsukuma, kwamba haivai kwasababu wenzake kijiweni watamwona mwoga, kuna siku anabadilika. Kujua kunaingia ndani ya sababu zenyewe na kuzigeuza, na mimi uhuru nauona hapo, sio kwenye kukosa sababu.

Msinielewe vibaya kuhusu mama wa marehemu, yeye akisema imeandikwa namwachia, linamshikilia asianguke, na siwezi kwenda kumwambia mwanao alikosea. Ninaowasema ni sisi tulioitikia pale halafu asubuhi yake tukapanda boda kijiweni na helmeti ziko kwenye saitimira vilevile, nilipita nikazihesabu, boda saba, aliyevaa mmoja.

Rimu imeshanyooshwa, boda kachukua mdogo wake, ana miaka 19. Juzi nimemgusia habari ya helmeti akaniambia kaka, siku ikifika imefika. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, ila aanze kwanza kuniambia huyu dogo nikikutana naye kesho asubuhi nimjibu nini.