Eti Bob Gillespie "alikuwa wa ridhaa tu"? Hivi mko serious?

Wakuu, leo mnivumilie, nimekereka.

Kuna orodha ya "mabeki bora wa Uskoti wa muda wote" inazunguka humu. Nimeisoma juu hadi chini, Bob Gillespie wa Queen's Park, klabu ya Glasgow iliyokuwa ya ridhaa, yaani wachezaji wasiolipwa, hayumo. Nikauliza kistaarabu, nikajibiwa, "Mkuu, huyo si alikuwa wa ridhaa tu?"

Wa ridhaa TU?

Tarehe 1 Aprili 1933, Hampden Park, Glasgow. Uskoti na England, watu zaidi ya 130,000 wamefurika. Nahodha wa Uskoti siku hiyo ni nani? Huyo huyo wenu wa ridhaa tu. Sentahafu, yaani mchezaji wa katikati ya ulinzi, asiyelipwa hata shilingi kucheza mpira, anaongoza wenzake wanaoishi kwa mpira. Jimmy McGrory wa Uskoti akatangulia kufunga, George Hunt wa England akasawazisha, McGrory akamaliza kazi dakika za lala salama. 2-1. McGrory anaimbwa mpaka leo, na anastahili. Ila goli la pili la England lilikosekana lenyewe?

Halafu tuongee mazingira. Uskoti iliruhusu malipo kwa wachezaji mwaka 1893. Queen's Park wakagoma, na walipoingia ligi mwaka 1900 waliingia hivyo hivyo, bila mishahara, kupambana na Rangers na Celtic. Kijana aking'ara anabebwa bure. R. S. McColl akaenda Newcastle United 1901, Alan Morton akaenda Rangers 1920, klabu haikuambulia kitu. Gillespie akabaki. Yaani aliyebaki ndiye mnamwona hana hadhi!

Na kipindi chenyewe kilikuwa kibaya kwa mabeki, hili hamlisemi kabisa. Hadi 1925, mshambuliaji alihesabiwa ameotea kama mbele yake hawapo wapinzani watatu. Beki mmoja anasogea juu, mwenzake anabaki nyuma, filimbi inalia, kazi imekwisha. Sheria ikashusha idadi kuwa wawili, magoli yakamiminika kila kona, na sentahafu, ambaye zamani alikuwa anapanda kuchezesha timu, akaanza kurudishwa nyuma kuzima moto. Gillespie alikuwa katikati ya mabadiliko hayo, na bado alipewa unahodha wa taifa. Beki kisiki kama huyo mnamfuta kwa kuwa hana ada ya uhamisho?

(Mapato ya milangoni Hampden, uwanja wa Queen's Park wenyewe, yalikuwa ya kutisha. Wachezaji wao hawakugusa. Klabu imeachana na ridhaa mwaka 2019 tu, juzi hapa.)

Sasa kilichonichefua zaidi: orodha hiyo hiyo ina Andrew Watson! Beki, Queen's Park, nahodha wa Uskoti iliyoichapa England 6-1 London mwaka 1881. Simpingi Watson hata kidogo, namkubali mno. Lakini naye hakuwa analipwa! Kumbe ridhaa ya 1881 ni sifa, ya 1933 ni aibu?

Mwandishi wa orodha ajitokeze hapa aweke vigezo vyake wazi. Kama kigezo ni mshahara, abadilishe kichwa cha habari na amtoe Watson. Kama kigezo ni mpira, Gillespie aingie. Na wale wa "hakuna video zake" msihangaike kunijibu, za Watson pia hamjaziona.