Naomba ushauri: kobla ya pichi haiivi upande wa chini

Wapendwa, naombeni ushauri wenu. Kiangazi hiki nimeoka kobla ya pichi (kitindamlo cha matunda yanayofunikwa kwa madonge ya unga, kisha kuokwa) mara 3, kwa nyuzi 190 za Selsiasi na kwa dakika 40, na kila mara madonge ya unga yanapendeza kwa rangi ya kahawia juu, ilhali upande wa chini unaogusa matunda unabaki mbichi, ukinata kijikoni kama uji mzito. Pichi zilizoiva sana hutoa maji mengi, nami huzichanganya na sukari na vijiko 2 vya wanga wa mahindi kabla ya kuzifunika. Je, nizipashe moto kwanza hadi zichemke, ndipo nipange madonge juu yake, au nipunguze moto wa oveni na kuongeza muda? Natamani sana wageni wangu waile ikiwa imeiva sawasawa, ingali vuguvugu.