Duka la Mombasa limeniuzia kompyuta "mpya" isiyowaka, sasa wanasingizia umeme wa Lamu!

Wanajamvi, salaam. Nina hasira na sitaficha. Kuna duka la kompyuta Mombasa, jina silitaji kwa sababu jambo hili huenda likafika kwa hakimu, limeniuzia kompyuta ya mezani ya kuundwa, mpya, kwa zaidi ya shilingi 80,000. Kompyuta hiyo haijawaka hata sekunde moja kwa pawa saplai (kile kisanduku cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme) waliyoiweka wao. Nikidai haki yangu naambiwa, "Dada, umeme wenu wa Lamu ndio mbaya." Nikijibu hilo, inakuwa hewa ya bahari. Nikijibu hilo, inakuwa nimefungua kesi, yaani ganda la kompyuta, na dhamana imekufa.

Kwanza mjue kwa nini jambo hili limenichoma. Kazi yangu ni kupiga video za harusi za wanawake. Anayeijua Lamu anaelewa maana yake. Siku ya kupamba mwanamume hakanyagi ukumbini, simu hazitolewi, na bibi harusi na mashoga zake wamekaa bila buibui. Familia inanipa mimi zile picha kwa amana. Siwezi kuzipeleka saiba, siwezi kumpa kijana aniunganishie, siwezi kuzituma Mombasa wala Nairobi. Nazikata mwenyewe, chumbani kwangu, kwenye mashine yangu. Mashine ya zamani imeshakufa, ndipo nikadunduliza nikaagiza hii. Sasa kuna watu wameshaolewa, wameshazoea na nyumba, harusi zao hawajaziona, na mama zao wakikutana nami njia ya Langoni wananisimamisha waniulize. Niwajibu nini?

Vitu niliagiza kwa majina na vyote viko kwenye risiti. Prosesa Ryzen 5 5600G, ile yenye picha ndani yake, ili kadi ya picha nije kuongeza baadaye nikipata. Ramu GB 32. Diski ya SSD ya TB 1. Na pawa saplai ya wati 650 ya daraja la 80 Plus Bronze, cheti cha kutopoteza umeme ovyo. Hiyo pawa saplai niliikazania kuliko kitu kingine chochote. Walitaka kunipa ya bei ya chini, wakisema "kazi ni ileile", nikakataa kwa maandishi na nikaongeza pesa juu. Chini ya risiti wameandika kwa mkono wao: imeundwa na kujaribiwa saa mbili. Yashikeni maneno hayo, Bronze na kujaribiwa, maana ndiyo yanayowafunga.

Boksi likaja na basi mpaka Mokowe, likavushwa kwa boti, hamali akalileta mpaka mlangoni. Kwa kuwa kamera ndiyo riziki yangu, nilirekodi tangu utepe haujakatwa. Video ni moja, haina mkato. Stika ya dhamana inaonekana nzima. Kesi naizungusha pande zote. Nyuma yake, pembeni ya tundu la waya wa umeme, kuna kiswichi chekundu kidogo kinachogeuzwa kwa ncha ya bisibisi, na namba inayoonekana ni 115. Nachomeka, nawasha soketi, nageuza swichi ya nyuma kwenye I. Paa! Mlio mmoja mkavu, harufu ya kuungua, kisha kimya. Nabonyeza kitufe cha mbele: feni haizunguki, taa haiwaki. Yote yamo kwenye video, na sauti yangu nikisema "Yaa Rabbi" imo.

Nikapiga simu dukani. Kijana akanituma nibadilishe waya, nikabadilisha. Nichomeke soketi nyingine, nikachomeka. Nibonyeze kitufe nikishikilie, nikashikilia. Halafu, kwa sauti ambayo bado ninayo kwenye WhatsApp, akaniambia nifungue ubavu wa kesi, nitoe ile betri ya duara kwenye mazabodi (ubao mkuu wa ndani), ningoje kidogo niirudishe. Sikilizeni vizuri: wao ndio walioniambia nifungue! Nikafungua, nikatoa betri ya CR2032, nikarudisha. Kimya.

Ikabidi nimwite mtoto wa mamangu mdogo, fundi wa redio na mota za boti, aje na mita yake. Nawaeleza tulivyofuata kwa sababu humu kila wiki kuna mtu analia kompyuta yake haiwaki na watu wanamrukia "badilisha ramu." Jamani, kompyuta iliyokufa kabisa si sawa na kompyuta inayowaka bila picha. Feni zikizunguka na skrini ikawa nyeusi, hapo tafuta ramu, prosesa, bayosi (programu ya kuwashia iliyo kwenye mazabodi). Lakini kama ni kimya kitupu, hakuna hata feni iliyotikisika, fuata umeme kutoka ukutani mpaka kwenye kitufe.

Soketi ikasoma volti 238. Waya mzima. Plagi kubwa ya pini 24 kwenye mazabodi imekaa mpaka klipu imelia. Ile ya pini 8 juu karibu na prosesa, ambayo wengi huisahau, imekaa. Vijiwaya vya kitufe viko kwenye pini zake. Kitufe chenyewe tukakiruka, tukazigusisha zile pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi. Hakuna kitu. Ndipo mdogo wangu akatafuta waya wa zambarau kwenye plagi ya pini 24. Huo unatakiwa uwe na volti 5 wakati wote pawa saplai ikiwa imechomekwa na swichi yake ya nyuma imewashwa, hata kitufe cha mbele hujakigusa, maana ndio unaoifanya mazabodi isikie kitufe. Mita ikasoma sufuri.

Jirani mwenye saiba akatuazima pawa saplai yake. Tukahamisha plagi, nikabonyeza kitufe mara moja tu. Feni zikazunguka, skrini ikawaka, bayosi ikahesabu ramu GB 32 zote na diski ikaonekana. Alhamdulillah, mazabodi na prosesa zimesalimika. Kilichokufa ni pawa saplai peke yake.

Tulipoitoa nje ndipo nikatetemeka kwa hasira. Vichwa vya skrubu zake vimechubuka, rangi nyeusi imetoka, chuma kinang'aa. Ndani ya matundu, kwenye mapezi ya feni, kuna vumbi la kijivu lililoshikana. Kitu kipya hicho! Na lebo ya ubavuni, yenye Bronze na wati 650, imebandikwa juu ya lebo nyingine. Kona moja imeinuka, na chini yake panasomeka wati 450. Nimepiga picha karibu, kwa taa, kila herufi inasomeka.

Sasa nawajibu mmoja mmoja.

Mosi, Bronze. Pawa saplai haipati cheti cha 80 Plus bila kufikia kipimo cha namna inavyovuta umeme ukutani, na kwa kipimo hicho ndani yake huwekwa saketi ambayo kwa kawaida hujitambulia yenyewe umeme unaoingia. Haihitaji kuambiwa kwa mkono kama ni 115 au 230. Kile kiswichi chekundu ni cha zile za rahisi na za kizamani. Kwa hiyo nilipolipia Bronze nililipia kitu kisicho na swichi hiyo, na sikuwa na sababu ya kuitafuta. Wala hawakuweka karatasi, wala hawakubandika hata kipande cha utepe cha kunionya.

Pili, kujaribiwa. Umeme wa Kenya ni volti 240, Mombasa na Lamu na Kisumu. Swichi ile ikiwa kwenye 115, saketi ya ndani inazizidisha volti hizo mara mbili. Volti 240 zikishageuzwa mkondo wa moja kwa moja zinafika kama 340, zikizidishwa zinakaribia 680. Kapasita mbili, vile vikopo vya ndani vya kuhifadhi umeme, zinazopokea mzigo huo kwa kawaida ni za volti 200 kila moja. Hazidumu, zinapasuka papo hapo, kama ilivyopasuka yangu. Nyinyi mnasema mliijaribu saa mbili dukani. Iwapo mliijaribu ikiwa kwenye 115, ingepasukia mikononi mwenu. Iwapo mliijaribu kwenye 230, nani aliigeuza kabla ya kufunga boksi, na kwa nini? Boksi nililifungua mbele ya kamera, utepe wenu mzima. Mimi naamini haikujaribiwa hata dakika moja.

Tatu, umeme wa Lamu. Hili ndilo lililoniuma zaidi, kwa kuwa kila mtu wa bara na wa Mombasa akikosa jibu analikimbilia. Zamani tulikuwa tukila jenereta ya dizeli, ni kweli. Siku hizi Lamu iko kwenye gridi ya taifa. Laini ya kilovolti 220 inatoka Rabai, inapita Malindi na Garsen mpaka kwetu. Rabai iko pua na mdomo na duka lenu! Stima hupotea huku, sikatai, na hata hukatika katikati ya kazi. Lakini siku ile haikukatika wala haikuruka. Feni ya dari inaonekana kwenye video ikizunguka kabla ya mlio na baada ya mlio, na mita ikasoma 238. Umeme mbaya ulichagua boksi lenu tu, ukaacha friji, feni na chaja za nyumba nzima?

Nne, chumvi. Hewa ya pwani hula vyuma, nani asiyejua? Huchukua miezi kutia kutu pini. Hii ilitoka kwenye boksi, ikaingia kwenye soketi hapohapo. Na nyinyi wenyewe mko kisiwani.

Tano, stika. Mfanyakazi wenu ameniamuru kwa sauti nifungue, kisha meneja wenu ananiambia nimefungua kwa hiyo dhamana hakuna. Hilo sina la kulipamba, ni dhuluma.

Mwisho wakasema nirudishe kompyuta nzima, kwa nauli yangu, "kama ilivyo, na diski ndani", wao wataangalia kisha wataamua. Siirudishi nzima. Pawa saplai ndiyo iliyokufa, nitarudisha hiyo, kwa nauli yao, na picha zake zote zibaki kwangu. Nikiwapa kila kitu, kiswichi kitageuzwa, lebo itabanduliwa, na nitaambiwa sikuwahi kuleta. Na wengine wanaonunua hapo nawaambia vilevile: kilicho ushahidi msikitoe mkononi kabla ya kusainiwa.

Ninachotaka ni kidogo. Pawa saplai niliyoilipia, wati 650, Bronze ya kweli, ndani ya boksi lake lililofungwa na kiwanda, au tofauti ya pesa na gharama za fundi. Na waandike kwamba dhamana ya vitu vilivyobaki inaendelea, maana sijui vile vilivyopona vitadumu vipi baada ya mshtuko ule. Katiba yetu, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaostahili, haki ya kupewa taarifa, na haki ya fidia akipata hasara. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Na kuna mahakama ya madai madogo chini ya sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na inayotakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Nimeyasoma yote, na nimemtumia meneja. Amesoma, alama za buluu zimetokea, hakujibu.

Ombi moja kwa watakaojibu: msiniambie niifungue pawa saplai yenyewe nibadilishe kapasita. Zile huweka umeme hata ikiwa imechomolewa, zinaweza kumuua hata fundi mzoefu. Tena ikifunguliwa ndio nimewapa duka hoja wanayoitafuta.

NYONGEZA: Wamenipigia jioni hii. Wanasema watanipa "nusu ya bei ya pawa saplai kwa moyo mzuri" iwapo nitafuta uzi huu. Nimekataa. Sitaki moyo wao mzuri, nataka kitu nilichokilipia. Na wale wanaoniandikia pembeni kwamba yamewapata hayohayo, lebo juu ya lebo, tafadhali toeni pawa saplai zenu mziangalie upande wa lebo na mpige picha kabla ya kulalamika dukani, siyo baada.

Aliyewahi kufungua madai madogo akiwa Lamu dhidi ya mfanyabiashara wa Mombasa, anieleze: nifungue huku au nisafiri kule? Na je, ili video ya kwenye simu ikubaliwe mahakamani, inahitaji cheti gani?